Neno "Nyanza" katika Kiingereza: Maana Yake na Matumizi Yake

Maneno ambayo Kiingereza kimeyachukua kutoka lugha za Afrika ya Mashariki si mengi, na yale yanayofahamika na kila Mwingereza ni machache zaidi. Safari ndilo la kwanza kutajwa, na pengine ndilo la mwisho. Pamoja na hayo yako mengine yaliyoingia katika kamusi kubwa za lugha hiyo lakini hayasikiki ila kwa nadra. Mojawapo ni neno nyanza. Hupewa humo maana fupi, yaani ziwa, hasa ziwa la Afrika, hutiwa alama ya kuonyesha kwamba asili yake ni Kibantu, kisha huachwa. Mwingereza aweza kuishi maisha yake yote asilitumie hata mara moja.

Hata hivyo neno hili halikuokotwa ovyo. Lilichukuliwa mahali panapojulikana, katika mwaka unaojulikana, na mtu anayejulikana. Na namna lilivyochukuliwa ilizaa makosa ambayo mengine yangali vitabuni, na mengine yamerudi yakaingia katika Kiswahili chenyewe. Kwa sababu hiyo haitoshi kusema kwamba nyanza ni ziwa. Yafaa kupima ni nini kilichopatikana na ni nini kilichopotea lilipotoka vinywani mwa watu wa Mwanza na kuingia katika vitabu vya London.

Siku yenyewe ilikuwa 3 Agosti 1858. John Hanning Speke, afisa wa Kiingereza aliyetumikia jeshi katika India, alikuwa ametoka Kazeh, karibu na Tabora ya leo, ambako alimwacha mwenziwe Richard Burton. Akafika juu ya kilima kisicho mbali na mji wa Mwanza wa sasa, akaona maji mengi yametanda mbele yake upande wa kaskazini. Maji hayo akayapa jina la malkia wake, Victoria. Lakini hakuliacha neno alilolisikia kwa wenyeji. Aliyaunganisha mawili hayo, na katika vitabu vyake viwili, kile cha 1863 na kile cha 1864, ziwa huitwa Victoria N'yanza. Samuel Baker alifuata mfano huo huo: alipofika kwenye ziwa lililo magharibi ya Bunyoro mwaka 1864 aliliita Albert N'yanza, akakipa kitabu chake cha 1866 jina hilo. Hivyo ndivyo neno la wavuvi na wakulima lilivyopata kibali katika Kiingereza, likiwa limefungwa pamoja na jina la malkia na la mume wake.

Kosa la kwanza ni la maandishi. Alama ile iliyotiwa baada ya herufi N yamfanya msomaji akate sauti moja vipande viwili. Katika nyanza, kama katika nyumba na nyama, ny ni sauti moja, nayo hutamkwa mara moja pamoja na irabu inayofuata. Kiswahili chatumia alama kama hiyo katika ng', kwa kutenga ng'ombe na ngoma, na hapo ina kazi; katika ny haina kazi yo yote. Waandishi wa baadaye waliiondoa alama, lakini madhara yalikuwa yamekwisha kutendeka, kwa maana Waingereza wengi walizoea kulitamka neno kama kwamba limeandikwa nai-an-za. Neno la silabi mbili likawa la silabi tatu, na mtu wa Mwanza akilisikia hivyo huenda asilitambue.

Lakini kosa la maandishi ni dogo likilinganishwa na kosa la maana. Katika Kisukuma na Kikerewe nyanza ni maji makubwa yaliyotanda, ziwa lo lote lenye ukubwa. Luganda ina ennyanja, ambayo hutumika kwa ziwa na kwa bahari pia. Na kutokana nayo samaki huitwa ebyennyanja, maana yake vitu vya ziwani. Kusini zaidi, nyanja ni ziwa katika Kichewa, na lugha yenyewe hupewa pia jina la Kinyanja, yaani lugha ya watu wa ziwani; na katika Kiyao neno ni nyasa. Msomaji wa Kiswahili asichanganye nyanja hiyo na nyanja za Kiswahili sanifu, ambazo ni wingi wa uwanja; hayo ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu. Lakini nyanza, ennyanja, nyanja ya Kichewa na nyasa ni ndugu, na jambo moja lawaunganisha: yote ni majina ya jumla, kama mto au mlima. Hakuna hata moja ambalo kwa asili ni jina la pekee la ziwa fulani.

Watu walipotaka kulitaja ziwa hili mahususi, walikuwa na njia nyingine. Waganda waliliita Nalubaale. Wajaluo waliliita Nam Lolwe, na humo nam ni neno la jumla la maji makubwa, Lolwe ndilo jina la pekee. Wafanya biashara wa pwani na Waarabu wa Kazeh waliliita Ukerewe, kwa jina la kisiwa kikubwa kilicho karibu na pwani ya kusini. Mpango wa Nam Lolwe wafaa kutazamwa sana, kwa kuwa Victoria Nyanza ina mpango ule ule: sehemu moja yasema ni kitu gani, sehemu ya pili yasema ni kipi. Kwa hiyo yaonekana kwamba Speke alifahamu maana ya nyanza alipolichagua, na asingelaumiwa kama angeishia hapo. Lawama yake ni ya mambo mengine.

Kabla ya kuyataja mambo hayo, yafaa kukumbuka habari ya ramani iliyotangulia safari yake. Wamisheni wa Kijerumani waliokaa karibu na Mombasa, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, walikusanya habari kwa wasafiri wa misafara, na mwaka 1856 ramani yao ilichapishwa Ulaya. Ilionyesha ziwa moja kubwa mno, lililopewa jina la bahari ya Uniamesi, yaani Unyamwezi, likinyoka kutoka kaskazini hata kusini kama konokono asiye na nyumba. Na watu wa Ulaya wakalicheka kwa mfano huo. Haikuwa ndoto tupu. Wasafiri waliotoka bandari mbalimbali za pwani walikuwa wakisema kwamba mwisho wa njia yao wamekuta maji makubwa. Kila msafiri alisema kweli. Lakini neno la jumla likichukuliwa kana kwamba ni jina la pekee, maji matatu huwa maji mamoja. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, ilitosha kumwuliza Snay bin Amir, mfanya biashara wa Kiarabu aliyekaa huko na kuijua nchi, ili ziwa lile moja ligawanyike: Nyasa kusini, Tanganyika magharibi, na Ukerewe kaskazini.

Kiswahili cha pwani nacho hakikusaidia sana katika jambo hili. Kwa mtu wa Unguja au Mombasa, ziwa lilikuwa neno la maji yaliyotuama, hata yakiwa madogo kama bwawa. Maji makubwa yasiyoonyesha ng'ambo aliyaita bahari. Kiarabu vile vile huliita bahr lile lililo bahari, na huliita bahr hata lile lililo mto mkubwa, kama majina ya matawi ya Nile yanavyoshuhudia. Kwa hiyo mtu aliyeuliza habari za kaskazini kwa kupitia lugha hizi aliweza kujibiwa kweli tupu na bado asijue kama ameambiwa habari ya ziwa, ya mto, au ya bahari ya chumvi.

Speke aliuliza kwa njia hiyo hasa. Hakujua Kisukuma, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akakaa India miaka mingi na kurudi Afrika. Maneno yalitoka kwa Speke kwa Kihindustani, Bombay akayatia katika Kiswahili, na mwenyeji aliyejua Kiswahili akayapeleka katika lugha ya mahali. Kisha jibu likarudi kwa njia iyo hiyo. Burton, aliyekuwa mjuzi wa lugha kuliko mwenziwe, alilishika jambo hili katika kitabu chake cha 1860, akalifanya silaha: ushahidi uliopita vinywa vingi namna hiyo, alisema, haufai kujengewa jambo kubwa kama chanzo cha Nile. Speke mwenyewe asimulia kwamba alipouliza maji yale yafika wapi, mtu aliyeulizwa alielekea kaskazini, akatikisa kichwa na kualisha vidole, akasema hapana ajuaye, lakini huenda yakafika mwisho wa dunia. Jibu hilo ni la mtu mwaminifu. Ni dhahiri kwamba si kipimo.

Hapa ndipo penye lawama ya kweli. Speke alirudi katika safari ya pili, akalizunguka ziwa upande wa magharibi kwa njia ya nchi kavu, mara nyingi akiwa mbali na maji, na 28 Julai 1862 akaona mto ukitoka ziwani mahali pa Jinja ya leo. Kusini alisikia N'yanza. Kaskazini alisikia neno ndugu yake. Akashika kwamba ni maji mamoja, naye katika hilo alikuwa sawa. Lakini kwa upande wa lugha peke yake, kusikia neno moja mahali pawili hakuthibitishi kitu. Mtu asikiaye neno mto huko Tabora na tena huko Jinja hawezi kusema kwamba ameona mto mmoja. Hoja ya jina iliyomwangusha Erhardt ndiyo ingeweza kumwangusha Speke; na wapinzani wake, Burton akiwa mbele, hawakukosa haki waliposema kwamba huenda yako maziwa kadha badala ya moja. Mashindano yao mbele ya wataalamu yalikuwa yafanyike mjini Bath mwezi Septemba 1864, lakini Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake siku moja kabla. Jambo lilikatwa mwaka 1875, wakati Henry Stanley alipoanza na mashua yake huko Kagehyi, kwenye ghuba iitwayo kwa jina la Speke, akalizunguka ziwa lote kwa maji. Makasia ndiyo yaliyothibitisha yale ambayo neno lisingeweza kuyathibitisha.

Hata hivyo haki yataka isemwe pia kwamba Speke alifanya hisani ambayo wengi wa baada yake hawakuifanya. Aliweka neno la nchi karibu na jina la kigeni, tena akaliweka mahali pake, penye maana yake. Mtu aliyesoma Victoria Nyanza mwaka 1863, kama alielezwa maana, alijua kwamba watu wa pale wana neno la ziwa. Kamusi elezo ya Britannica ya 1911 bado yayataja maziwa kwa majina ya Victoria Nyanza na Albert Nyanza. Lakini kadiri miaka ilivyopita neno la Kiingereza lenyewe lilishika mahali pa nyanza, nalo likatangulia kwa desturi ya majina ya maziwa katika lugha hiyo. Malkia akabaki, nyanza ikaondolewa. Kiswahili nacho kilifuata kwa kusema Ziwa Victoria. Kwa njia hiyo neno lililokuwa na kazi katika jina likawa halina kazi, na katika kamusi za Kiingereza likawa kitu cha kale, linalotunzwa kwa kumbukumbu.

Alama ile ya "Kibantu" nayo yastahili kuangaliwa. Hakuna mtu asemaye Kibantu. Ni jina la ukoo wa lugha mamia kadha, lililotungwa na wataalamu wa Ulaya katika karne ya 19. Mtunga kamusi wa Kiingereza hathubutu kuandika kwamba neno fulani ni la "Kizungu" asitofautishe Kifaransa na Kireno. Lakini kwa nyanza huridhika na jina la ukoo mzima, ingawa kitabu kilicholileta kinaonyesha ni kando ya maji gani lilisikika. Kuandika kwamba neno ni la Kisukuma na la lugha nyingine za kando ya ziwa kungehitaji maneno machache tu, na kungekuwa kweli.

Wakati Kiingereza kilipokuwa kikiliacha neno majini, serikali na vyama vilikuwa vikilipandisha nchi kavu. Kenya ilikuwa na Jimbo la Nyanza, nalo lilidumu kama mkoa mpaka majimbo mapya ya kaunti yalipoanza kazi mwaka 2013. Ndani yake zilikuwamo Kisii na Nyamira, nchi za milimani ambazo hazigusi maji ya ziwa hata kidogo. Mtu wa Kisii aliyesema atoka Nyanza alisema kweli kwa mujibu wa serikali, lakini kwa mujibu wa maana ya asili alisema atoka ziwani, hali katika nchi yake ziwa halimo. Huku Mwanza, wakulima wa pamba waliunda mwaka 1955 shirikisho la vyama vya ushirika lililoitwa kwa jina la Victoria, na kiongozi wake mashuhuri alikuwa Paul Bomani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 shirikisho hilo liliondolewa, na chama kikuu kilichokuja mahali pake kikaitwa Nyanza. Mabadiliko hayo yana maana. Majina mawili ambayo Speke aliyafunga pamoja yalifunguliwa mjini Mwanza wenyewe, na lililotupwa safari hii likawa la malkia. Lakini hata hapo nyanza haikurudi kuwa jina la jumla. Ilirudi kuwa jina la pekee, la chama na la eneo lake.

Habari ya jina la mji yaingia hapa. Husimuliwa mara nyingi kwamba Mwanza ni nyanza iliyoharibiwa na ndimi za Wajerumani walioshindwa kulitamka. Masimulizi haya yanapendeza, ila kitabu cha Speke kinayakataa. Katika maelezo yake ya 1858 nchi ile ya kando ya maji yaitwa Muanza, na ziwa laitwa N'yanza. Maneno mawili yako mbalimbali, katika kitabu kimoja, kwa kalamu moja, zaidi ya miaka 25 kabla ya Wajerumani kuitawala nchi. Wajerumani waliandika Muansa kwa sababu herufi s kabla ya irabu kwao, kama katika neno hili, hutamkwa z, hawakubuni kitu. Pia mji huu si wa pekee kwa jina lake, maana Malawi ina mto na wilaya ya Mwanza. Yawezekana kabisa kwamba maneno hayo mawili yana shina moja lililovikwa viambishi viwili vya ngeli mbalimbali, n na mu, kama ilivyo desturi ya lugha hizi. Hilo lingekuwa jambo la sarufi ya wenyeji, wala si kosa la wageni. Ni ajabu kwamba watu huwa tayari kumpa mgeni sifa ya kuunda jina, hata kwa kukosea, kuliko kuwapa wenyeji sifa ya kuwa na ngeli.

Hasara iliyo kubwa kuliko zote ni ya Kiswahili. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi yake 1930, ilikuwa lazima kuchagua lahaja moja, na uchaguzi ule umezaa matunda. Lakini Kiswahili kinachosemwa kando ya ziwa kimejaa maneno ambayo pwani haina, kwa kuwa haina vitu vyenyewe. Samaki wa Mwanza ni sato, furu, ningu na kamongo. Mahali mitumbwi inapopanda na samaki kupimwa ni mwalo, na neno hilo limekwisha kuingia katika maandishi ya serikali. Maneno haya yalipanda ngazi kwa miguu yake: wavuvi waliyasema, wachuuzi wakayachukua, karani akayaandika. Furu hata limevuka kwenda Ulaya. Wataalamu wa viumbe kutoka Uholanzi waliofanya uchunguzi katika ghuba ya Mwanza walilisikia kwa wavuvi, na Tijs Goldschmidt alilitumia katika kitabu chake juu ya samaki hao, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1996, kama jina la jumla, kwa maana ile ile ya wavuvi.

Nyanza haikupata bahati hiyo. Wasomaji wengi wa Kiswahili walilipata darasani, katika somo la historia na la jiografia, likiwa limetoka katika Kiingereza na herufi kubwa mwanzoni. Ndiyo maana mtu aweza kuandika "Ziwa Victoria Nyanza" asihisi kwamba ametaja ziwa mara mbili. "Ziwa Nyasa" ni vivyo hivyo, ila huko marudio yamekwisha kuwa jina lenyewe na hayawezi kuondolewa bila kuleta fujo. Jina lililokwisha kukaa huachwa likakaa. Linalotakiwa ni kwamba maelezo yake yawe ya kweli.

Kamusi ya Kiswahili ikiliweka nyanza kama jina la mahali tu, itakuwa imefuata ofisi za serikali na kuwasahau wasemaji. Ikiliweka kama neno la kawaida la Kiswahili sanifu lenye maana sawa na ziwa, itakuwa imedai matumizi yasiyokuwapo Unguja wala Dar es Salaam. Maelezo yanayofaa yapaswa kuwa na sehemu tatu, kwa taratibu hii: kwanza, ziwa kubwa, katika Kisukuma, Kikerewe na lugha za jirani, pili, sehemu ya majina ya maziwa yaliyotolewa na Waingereza katika karne ya 19, tatu, jina la maeneo na vyama vya kando ya Ziwa Victoria. Mtoto wa Mwanza akifunua ukurasa huo ataona kwamba neno alilolisikia kwa bibi yake ndilo la kwanza, na lile la vitabu vya wasafiri limetoka kwake. Mpaka sasa mara nyingi amefundishwa kinyume.